Kiti cha Hajja Nazmiya Siku ya Theluji

Kuna mgeni mmoja huja bila kupiga hodi, hana mguu wala sauti, na akishatua tu mji mzima hukimbilia mkate. Mtegee kitendawili hicho mtoto yeyote wa Amman, hatakuomba mji. Atacheka tu na kukuambia: theluji! Ndivyo walivyo watu wa huko. Wakiona unga wa mbinguni unashuka, wao huenda kugombania unga wa duniani, kana kwamba watafungiwa ndani hadi mwakani. Kesho yake jua linatoka, na kila nyumba ina mikate ya kulisha kikosi cha jeshi.

Safari hii jua halikutoka. Theluji ilishuka juzi, ikashuka jana, na asubuhi ile Suhad alipofungua dirisha la nyumba yao ya Jabal Taj, hakuiona barabara. Ngazi za mtaa zilikuwa zimegeuka mteremko mmoja mweupe, laini kama shuka iliyotandikwa. Akalifunga dirisha, akageuka kumtazama mama mkwe wake.

Hajja Nazmiya alikuwa ameketi karibu na hita ya gesi, miguu juu ya mto. Miguu ile ndiyo iliyomnyima Suhad usingizi. Ilikuwa imevimba kama donge la unga lililotiwa hamira. Figo za Hajja ziliacha kazi zamani. Damu yake husafishwa kwa mashine hospitalini, na zamu yake iliyopita ilimpita kwa sababu ya theluji hiyohiyo. Leo ilikuwa zamu nyingine. Daktari alikwisha kuwaambia, tena kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishana: ukikosa mara moja, Mungu ni mwema, ukikosa mara mbili mfululizo, maji yatapanda kifuani. Na asubuhi ile Hajja alikuwa akipumua kwa kukatakata kama aliyetoka kupanda ngazi, naye hajanyanyuka kitini.

Munther, mume wa Suhad, alikuwa amekwama Aqaba, mji wa pwani, barabara ya jangwani imefungwa. Alipiga simu.

"Ngojeni kikosi cha uokoaji," alisema. "Watakuja tu, inshallah."

"Nimewapigia tangu alfajiri. Tuko kwenye foleni, nyuma ya wenye uchungu wa kuzaa na watu waliofukiwa ndani ya magari. Mimi simngojei mtu, Munther. Mama yako anakwenda leo."

"Kwa kitu gani? Kwa mabawa?"

"Kwa chochote kitakachotangulia kuja," akasema Suhad, akakata simu.

Suhad alifanya kazi katika ofisi inayopeleka watu umra. Huko walikuwa na wakala wa akili mnemba, na Suhad alikuwa naye kwenye simu yake. Usidhani ni kama zile programu unazouliza swali, zikakujibu, zikanyamaza. Huyu unampa mwisho wa safari tu. Mwanzo na katikati anavitafuta mwenyewe. Anaivunja kazi vipande, anapima kipi kitangulie na kipi kingoje, anapiga simu, anaandika ujumbe, anasoma majibu, na kipande kimoja kikikwama anapanga upya. Alikuwa amepeleka misafara mizima Makka: tiketi, viza, vyumba, mabasi, hadi wazee wanaotaka chumba cha chini. Hajja Nazmiya alimpa jina tangu siku ya kwanza: Abu Tadbir, yaani baba wa mipango.

"Haya, Abu Tadbir," Suhad alisema, simu mbele ya mdomo. "Nataka Hajja Nazmiya awe kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu leo, kabla kitengo hakijafungwa."

"Nimeelewa," ikajibu sauti. "Kabla sijaanza, niambie: yapi naruhusiwa kuyafanya bila kukuuliza?"

"Piga simu, uliza, omba, bembeleza. Usilipe kitu, usitoe ahadi kwa jina langu, na ugonjwa wake usimtajie ila anayehitaji kujua."

"Je, anaweza kutembea?"

"Hatembei."

"Uongo huo," akadakia Hajja kutoka kitini. "Kutembea natembea. Kufika ndiko sifiki. Mbona anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari huyu? Mwambie alegeze shingo."

Mpango ukatokea kwenye kioo cha simu. Kwanza kuhakikisha kwamba mashine ipo na mwenye kuiendesha yupo. Maana kufika si kitu kama mlango umefungwa. Kisha gari linaloweza theluji. Kisha njia. Kisha kumtoa Hajja ndani na kumfikisha kwenye gari. Na chini ya kila kimoja, njia ya akiba kama kitashindikana. Halafu Abu Tadbir akajigawa. Kipande chake kimoja kilipigia hospitali, kingine kilisoma habari za barabara, kingine kiliingia kwenye makundi ya wenye magari makubwa wanaojitolea siku za theluji, na yeye mwenyewe akabaki katikati akipokea majibu.

"Amepata watoto," Suhad alimwambia Hajja, akimwonyesha.

"Alhamdulillahi, nilikuwa namwonea huruma, Abu asiye na mtoto." Hajja akavuta pumzi, akaisaka ya pili. "Abu Tadbir! Kitendawili."

"Tega."

"Nimetuma mmoja, wamekwenda wengi, amerudi mmoja."

"Sijui, Hajja. Nakupa Irbid, uwe mji wako."

"Irbid nimeikataa, ina baridi kuliko hapa. Nipe Aqaba."

"Nakupa Aqaba."

"Nimekwenda Aqaba, nimeota jua, nimekula samaki, nimemkuta Munther amelala. Jibu ni wewe, mjinga wee!"

Suhad alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kifua cha mama mkwe wake, kinavyopanda na kushuka.

Jibu la hospitali likaja kwanza. Mashine zinafanya kazi, muuguzi mmoja alilala hukohuko. Kiti cha Hajja kipo mpaka alasiri. Baada ya hapo atapewa mwingine, kwa sababu wanaongojea ni wengi. Baadaye kidogo likaja la pili: amepatikana mtu anaitwa Dirar, ana gari la kupanda milima, yuko tayari kuja mara moja. Suhad alishika kifua kwa furaha. Lakini Abu Tadbir akasema, "Kuna tatizo. Ramani inamleta mlangoni kwenu kwa mtaa ambao ni ngazi tupu. Gari haliwezi. Nipe mahali pa kukutania, pawe kwenye lami, panapojulikana na kila mtu."

Suhad hakufikiri hata kidogo. "Chini ya ngazi, bekari ya Abu Zaydan. Mwambie aje hapo. Hakuna asiyeijua."

"Bekari ya Abu Zaydan. Nimeiona. Namtuma."

Basi, ikaanza kazi ya kumtelemsha Hajja. Jirani yao Umm Sanad alikuja na wanawe wawili, wanaume wenye mabega, na kiti cha plastiki cha bustani. Wakamfunga Hajja kwa blanketi na mitandio hadi ikabaki pua, wakamnyanyua. Umm Sanad alitangulia akifyeka theluji kwa chepeo na kumwaga chumvi yake yote ya jikoni.

"Polepole, enyi watoto wa Umm Sanad! Mimi si gunia la viazi."

"Gunia la viazi halipigi kelele, Hajja," akasema mmoja, akitweta.

"Basi kuna siku utajuta kwamba sikuwa viazi."

Walifika chini wote wameloa jasho katika baridi ile. Kwenye kona palikuwa na duka la simu. Mwenyewe akawafungulia, akampisha Hajja akae karibu na jiko lake la mafuta ya taa. Suhad akasimama nje, mikono kwapani, akitazama huku na huku barabarani. Hakuna gari. Paka tu, akiinua mguu mmoja baada ya mwingine kwa kuchukizwa.

Simu ikalia. "Dirar anasema amefika," akasema Abu Tadbir.

"Amefika wapi? Mimi niko hapa, simwoni."

"Anasema yuko mbele ya bekari ya Abu Zaydan. Anasema watu ni wengi sana, hakuna mahali pa kusimama."

Suhad alitazama nyuma yake. Watu wengi? Palikuwa na yeye na paka. Akainua macho kwenye bango la duka, simu na vocha na betri. Bekari ya Abu Zaydan! Suhad aliletwa bibi harusi katika mtaa ule bekari ikiwa imekwisha kuhama. Hajawahi kununua hata mkate mmoja kwenye kona ile. Lakini kila mtu huita hapo bekari ya Abu Zaydan: dereva wa teksi, imamu, watoto waliozaliwa jana. Huko Amman jengo hubomolewa, jina likabaki limesimama. Unaelekezwa penye mkuyu uliokatwa, upite sinema iliyokuwa sinema, na unafika, kwa sababu nawe ni wa hapo. Abu Tadbir hakuwa wa hapo. Yeye alitafuta bekari ya Abu Zaydan iliyo hai, akaipata Tabarbur, mlima wa mbali, na Dirar akaenda huko kwa utiifu.

"Nilipaswa kupima umbali wa mahali hapo na nyumba yenu kabla sijamtuma," akasema Abu Tadbir baada ya Suhad kumweleza. "Sikupima. Ulisema chini ya ngazi, na mimi nilisikia jina nikaacha mengine."

"Na mimi nilipaswa kusema mahali palipo, si mahali palipokuwa."

Ndani ya duka Hajja alikuwa amesikia yote. "Kitendawili," akasema, sauti imekuwa nyembamba. "Kipo kwenye kila mdomo, hakipo kwenye jicho lolote." Wana wa Umm Sanad walicheka. Yeye hakucheka, alifumba macho akatafuta pumzi, na midomo yake, Suhad aliiona, ilikuwa na rangi ya zambarau pembeni.

"Mrudishe Dirar," Suhad alimwambia Abu Tadbir.

"Hawezi kutoka. Magari ya watu wanaonunua mkate yamemziba mbele na nyuma. Nimewauliza wengine wanne wenye magari kama lake. Wawili hawajibu, mmoja yuko Salt, mmoja gari limezima. Kikosi cha uokoaji bado wana foleni. Njia iliyobaki ni kungoja."

"Kungoja si njia. Kungoja ni kusimama." Suhad alisema kwa sauti hata paka akakimbia. "Niunganishe na Dirar."

Akaunganishwa. Upande wa pili zilisikika honi na watu wanagombana juu ya nani alitangulia.

"Samahani sana, dada yangu," akasema Dirar. "Wallahi nilikwenda nilikotumwa."

"Huna kosa, kaka. Hebu niambie, mbele yako kuna nini?"

"Mkate! Kuna nini kingine? Foleni mpaka barabara kuu. Kuna mzee hapa amebeba mikate kama anafungua duka."

"Hakuna gari lolote linalotoka?"

"Lipo moja, la bekari wenyewe. Lina minyororo kwenye magurudumu, wanalipakia sasa hivi. Watu wanaliachia njia, maana wakilizuia hawapewi mkate tena."

"Linakwenda wapi?"

Dirar akauliza kwa kupiga kelele, akarudi. "Linapeleka mikate mahospitalini."

Suhad akamwambia Abu Tadbir, "Umesikia?"

"Nimesikia. Napanga upya."

Na hapo, kwa kweli, Abu Tadbir akaonyesha kwa nini aliitwa hivyo. Watoto wake wakatawanyika tena. Mmoja alipigia jiko la hospitali ya Hajja, akauliza kama wanangojea mikate na kutoka kwa nani: wanangojea, kwa Abu Zaydan, nao wamechoka kungoja. Mwingine alikagua miteremko ya Jabal Taj: ule wa kusini ni barafu, ule wa upande wa Mahatta umemwagiwa chumvi asubuhi. Wa tatu alimweleza muuguzi kwamba mgonjwa yuko njiani, ila njia imebadilika. Lakini wa nne, aliyepigia bekari, akarudi mikono mitupu.

"Mwenye bekari amekata simu. Amesema, 'Mimi siongei na redio.' Nimejaribu kumweleza, amekata tena. Nafikiri atakusikiliza wewe."

Mwenye bekari alikuwa Zaydan mwenyewe, mwana wa Abu Zaydan, ambaye sasa ni marehemu, na ndiye aliyekuwa akishika usukani wa gari lile siku hiyo kwa sababu dereva wake hakuweza kufika.

"Nani tena? Ile redio?" akafoka Suhad alipompigia.

"Mimi ni mtu, kaka Zaydan, nina baridi na nina shida." Suhad akamweleza kwa maneno machache.

Zaydan alipumua kwa nguvu. "Dada, mimi nimebeba mkate wa wagonjwa wa hospitali tatu. Nikizunguka kwenu nikateleza, nimewanyima wote. Mkate wenyewe unapoa."

"Mkate ukichelewa utapoa. Huyu akichelewa atapoa naye, na hakuna tanuri la kumrudisha."

Honi zikalia. Mtu akamfokea mtu.

"Mko wapi?" akauliza Zaydan.

Sasa Suhad alitazama kwa macho kabla ya kufungua mdomo. "Jabal Taj, chini ya ngazi ndefu, kwenye duka la simu lenye bango la kijani, mkabala na..."

"Aa, dada, si useme tu kona ya bekari ya baba!" akasema Zaydan. "Nakuja."

Gari likatokea upande wa Mahatta, likiguruma, minyororo ikitafuna barafu. Zaydan alikuwa mtu mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi. Alimtazama Hajja, akaacha maneno aliyokuwa ameyaandaa, akamnyanyua mwenyewe na kumketisha mbele. Suhad akapanda nyuma, gizani, katikati ya matrei. Joto la mkate lilimpiga usoni, akatambua kwamba alikuwa hajala tangu jana, na kwamba hakuwa na njaa.

Walikwenda kwa mwendo wa jeneza. Kila kona Suhad alishika matrei yasimwangukie. Kupitia kidirisha aliona kichwa cha Hajja kikiegemea kioo, akamsikia Zaydan akisema, "Hajja, usilale, niongeleshe. Unamjua marehemu baba?" na Hajja akijibu, "Namjua. Alikuwa akiunguza mkate upande mmoja kila Ijumaa." Kisha hakusema tena.

"Muuguzi anasema kiti kimeombwa na mgonjwa aliyefika kwa miguu," Abu Tadbir akasema mkononi mwa Suhad. "Nimemweleza mlipo. Hajakubali, hajakataa. Alasiri imekaribia."

"Ni kweli kwamba tuko mlima wa mwisho kabla ya hospitali?"

"Ni kweli."

"Mwambie hivyo. Usimwongezee chumvi, usimpunguzie. Na mwambie midomo yake imebadilika rangi."

"Naruhusiwa kumwambia?"

"Yeye ndiye anayehitaji kujua."

Gari likasimama. Suhad akaruka chini kabla breki hazijamaliza kulia.

"Mmefika hospitalini," akasema Abu Tadbir. "Je, nifunge kazi?"

"Nilikuambia kiti, sikukuambia mlango!"

"Kweli. Haijafungwa."

Mlangoni hapakuwa na kiti cha magurudumu hata kimoja. Vyote vilikuwa juu, vimekaliwa. Suhad hakuuliza mara ya pili. Zaydan alikuwa akishusha kitoroli cha mikate. Suhad akakishika, akayaondoa matrei ya juu akayatia mikononi mwa mlinzi aliyekuwa amepigwa na bumbuazi, akatandika blanketi. Wakamlaza Hajja hapo, wakakimbia naye kwenye korido, magurudumu yakipiga kelele kama bata.

Muuguzi, mwanamke mrefu mwenye macho mekundu ya kukesha, alikuwa amesimama mlangoni mwa kitengo, mikono kiunoni. Nyuma yake kiti kilikuwa kitupu. Kando yake aliketi mtu wa makamo ambaye viatu vyake vilikuwa vimelowa hadi juu.

"Niliagiza mkate," akasema muuguzi, "mmeniletea bibi."

"Dada, nakuomba..."

"Usiniombe, sukuma! Yule redio wako amenisumbua vya kutosha. Huyu bwana amesema yeye hajakosa hata zamu moja, anaweza kungoja mashine inayofuata. Mshukuru yeye."

Suhad alimgeukia mtu yule, akainamisha kichwa kumshukuru. Yule bwana akainua mkono tu, kana kwamba anafukuza nzi. "Mpelekeni. Mimi nina miguu."

Sindano ikaingia. Mashine ikaanza kuzunguka, na damu ya Hajja Nazmiya ikatoka kwenda kuoshwa na kurudi. Suhad alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, theluji ya viatu vyake ikigeuka maji. Hakuondoa macho kwenye ile midomo. Taratibu sana, kama mtu anayebadili mawazo, rangi ya zambarau ikaanza kuondoka. Hajja akafumbua jicho moja.

"Nani ananuka mkate hapa?"

"Wewe, mama."

"Basi nipe kipande."

Suhad alicheka hadi akalia, akamega mkate uliosalia kitorolini, akampa. Kisha akainua simu.

"Abu Tadbir. Sasa funga."

"Imefungwa. Kuna kitu kingine?"

Suhad alitazama dirishani. Nje theluji ilikuwa imeanza kushuka upya, mapande makubwa yasiyo na haraka, na gari la Zaydan lilikuwa linatokomea kuelekea hospitali nyingine. Nyumba ilikuwa mlima mwingine, juu ya ngazi. Yeye aliagiza Hajja afike. Hakuna mahali alipoagiza arudi.

Akajipangusa uso kwa mtandio, akaketi vizuri.

"Kipo," akasema. "Andika: kurudi. Uniulize kwanza unachotaka kujua, nami safari hii nitafikiri kabla ya kujibu."

"Swali la kwanza," akasema Abu Tadbir. "Ni lazima iwe leo?"

Suhad akamtazama Hajja, aliyekuwa amefumba macho tena, akitafuna polepole, anapumua kwa pumzi ndefu moja na nyingine.

"Muulize muuguzi kama kuna kitanda," akasema.